Kufuata ukoo Karibi: jinsi ya kupanga safari ya madaftari, makaburi na magofu

Anayekwenda Karibi kutafuta ukoo wake akiwa na jina la kisiwa peke yake hurudi na picha za bahari. Jina linalohitajika ni dogo kuliko hilo: parokia, na ndani ya parokia, kitongoji au shamba. Katika visiwa vilivyotawaliwa na Uingereza, parokia ni mgawanyo wa serikali kama ulivyo wa kanisa, na karibu kila daftari la zamani lilipangwa kwa parokia. Jamaika zipo 14, Barbados 11. Usikate tiketi kabla hujaweza kutamka sentensi ya namna hii: "Nyanya wa mama yangu alizaliwa parokia ya Hanover, akabatizwa kanisa fulani, miaka ya 1880." Kazi ya kuifikia sentensi hiyo hufanyika nyumbani, na miezi sita si mingi.

Mfano mkuu hapa ni Jamaika. Karatasi zake nyingi zinapatikana, na mitego yake ni mingi vilevile. Visiwa vingine vinaguswa pale njia inapobadilika.

Walio hai kwanza, kisha mwaka 1878

Kwa kila jamaa aliyetajwa na wazee wa ukoo, uliza majina mawili: la kwenye cheti na la nyumbani. Jamaika mtu huweza kuishi hadi uzeeni akiitwa jina la utani ambalo halimo katika karatasi yoyote, na majirani wasijue jina lake rasmi mpaka waliposikia likisomwa mazishini. Daftarini utatafuta la cheti. Kijijini utauliza la utani. Uliza pia alisali wapi: Anglikana, Baptisti, Methodisti, Moravian au Katoliki? Jibu hilo moja hukuambia ufungue madaftari ya nani.

Usajili wa serikali wa vizazi na vifo Jamaika ulianza 1878. Ofisi inayohusika ni Registrar General's Department, iliyoko Twickenham Park, Spanish Town, na vyeti huagizwa kwa mtandao. Picha na faharasa za madaftari ya zamani zimo katika tovuti ya FamilySearch, bila malipo ukishajisajili, ingawa baadhi ya picha hufunguka ukiwa ndani ya vituo vyao tu. Anzia huko, ukirudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Usiruke kizazi kwa sababu jina "linafanana".

Wengi hukwama hapa kwa mambo matatu. La kwanza, safu ya jina la mtoto iko tupu kwa sababu mtoto aliandikishwa kabla hajapewa jina. Jina likaongezwa baadaye pembeni, au halikuongezwa kabisa. Tafuta kwa jina la ukoo la mama, jinsia na mwaka. La pili, safu ya baba iko tupu kwa kuwa wazazi hawakuwa wameoana. Usihitimishe kwamba baba hakujulikana. Mara nyingi atatokea kwenye cheti cha ndoa cha mtoto huyo miaka ishirini baadaye. La tatu ni tahajia: karani aliandika alivyosikia, na jina moja huweza kuwa na sura nne katika ndugu wanne.

Usipuuze safu ya mtoa taarifa. Aliyekwenda kuandikisha kizazi au kifo mara nyingi ni bibi, shangazi au jirani, na makazi yake yameandikwa. Hicho ndicho kitongoji unachokitafuta.

Kabla ya 1878 unaingia kwenye madaftari ya makanisa, na ya Kianglikana yanarudi hadi karne ya 17. Hapa kuna shimo ambalo wageni wengi hutumbukia: mwaka 1867 parokia za Jamaika zilipunguzwa kutoka 22 hadi 14. Vere iliingizwa Clarendon, Metcalfe ikaenda St Mary, St George ikaunganishwa na Portland, na St David ikaunganishwa na St Thomas. Ukisoma "Vere" kwenye ubatizo wa 1850 usiitafute kwenye ramani ya leo. Tafuta kusini mwa Clarendon.

Kuvuka 1834

Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, lakini walioachwa huru walifungwa tena kwenye "uanagenzi" uliowalazimisha kumfanyia kazi bwana yuleyule hadi tarehe 1 Agosti 1838. Nyuma ya tarehe hizo watu wengi hawana jina la ukoo kwenye karatasi, na kila hati imepangwa kwa jina la mwenye shamba. Ndiyo maana utafutaji wa jina la babu kwa babu hufa hapa. Lazima ubadilishe swali: badala ya "alikuwa nani?", uliza "alikuwa kwenye shamba lipi?"

Mnyororo unaofanya kazi huenda hivi. Tafuta ubatizo, ndoa au mazishi ya miaka ya 1830 na 1840 yanayotaja makazi. Jina la makazi mara nyingi ni jina la shamba, na mengi ya majina hayo yamebaki kuwa majina ya vijiji mpaka leo. Peleka jina hilo kwenye kanzidata ya Legacies of British Slavery ya chuo kikuu cha UCL, London, ambayo iliundwa kutokana na nyaraka za fidia ya pauni milioni 20 waliyolipwa wamiliki. Walioachwa huru hawakulipwa kitu. Kanzidata itakupa jina la mmiliki, au la wakili na mdhamini aliyesimamia shamba kwa niaba yake. Jina hilo sasa ndilo ufunguo wa daftari la watumwa.

Madaftari ya watumwa yako katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, mkusanyo T 71, na yamewekwa mtandaoni kupitia Ancestry. Trinidad ilianza 1813; Jamaika na Barbados 1817. Kwa Jamaika orodha ya 1817 ndiyo ya kila mtu: jina, rangi kama mwandishi alivyoiona, umri, kama alizaliwa Afrika au kisiwani, na safu ya maelezo ambamo mara nyingi mama hutajwa. Orodha zilizofuata kila baada ya miaka mitatu, hadi 1832, zinaandika mabadiliko tu: waliozaliwa, waliokufa, walionunuliwa, waliouzwa. Mtu aliyekuwepo 1817 akaishi salama hatajwi tena. Watafutaji wengi huona kimya hicho wakadhani amepotea, kumbe yuko palepale.

Utakutana na majina ya siku yenye asili ya Kiakan (Waakan ni watu wa Ghana ya leo): Quashie na Quasheba kwa waliozaliwa Jumapili, Cuffee na Phibba kwa wa Ijumaa, Cudjoe kwa mwanamume wa Jumatatu. Shamba moja huweza kuwa na akina Cudjoe wanne. Watenganishe kwa umri na jina la mama, na angalia kama orodha inatoa jina la ubatizo kando ya la zamani, kwa kuwa hilo la ubatizo ndilo litakalotokea kanisani baadaye.

Onyo kuhusu jina la ukoo: usichague shamba kwa sababu mwenye shamba alikuwa na jina kama lako. Watu walichukua majina ya wamiliki wa awali, wasimamizi wa mashamba, wasimamizi wa ubatizo, baba zao, wengine jina walilolipenda. Safari nzima imewahi kupangwa kwa kufanana kwa majina, na hakuna njia rahisi ya kuipoteza fedha kuliko hiyo.

Bendera ndiyo inayoamua karatasi ziko wapi

Kabla ya kuchagua kisiwa cha kutembelea, jua nani alikitawala wakati ukoo wako uko huko, maana nyaraka zilifuata bendera.

Martinique na Guadeloupe ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Tangu 1776 serikali ya Ufaransa iliagiza nakala za madaftari ya makoloni zipelekwe Ufaransa. Leo zinasomwa bure kwenye tovuti ya nyaraka za ng'ambo zilizoko Aix-en-Provence. Hii ndiyo sababu hata mji wa Saint-Pierre, ulioteketezwa na volkano ya Pelée tarehe 8 Mei 1902, haukupoteza kila kitu. Utumwa ulikomeshwa huko 1848, na walioachwa huru waliandikishwa mmoja mmoja wakapewa majina ya ukoo, mara nyingi pamoja na namba yao ya zamani katika daftari la watumwa. Namba hiyo inakuunganisha na miaka ya kabla ya uhuru, kwa hiyo inakili kwa uangalifu.

Visiwa vya St Croix, St Thomas na St John vilikuwa vya Denmark hadi 1917 vilipouzwa kwa Marekani. Nyaraka zake zimepigwa picha na Nyaraka za Taifa za Denmark, mamilioni ya kurasa, na sensa zake za karne ya 19 ni hazina. Tatizo ni mwandiko wa Kidenmaki wa kale. Curaçao na visiwa vingine vya Uholanzi vina madaftari ya ukombozi wa tarehe 1 Julai 1863. Puerto Rico ilikomesha utumwa 1873, Kuba 1886, na kote kuwili utategemea vitabu vya parokia za Kikatoliki, ambamo weupe na weusi waliandikwa katika vitabu tofauti. Ukiambiwa "hayupo", hakikisha karani amefungua vitabu vyote viwili.

Kwa Trinidad, ikiwa ukoo una asili ya India, swali linabadilika kabisa: tafuta jina la meli. Meli ya kwanza ya vibarua wa mkataba, Fatel Razack, ilifika tarehe 30 Mei 1845 na mfumo ule ukadumu hadi 1917. Pasi ya uhamiaji ya kibarua hutaja kijiji na wilaya ya India, jambo ambalo uzao wa Waafrika haupati kwenye karatasi yoyote.

Na kama babu anatoweka kati ya 1904 na 1914, hasa akiwa wa Barbados au Jamaika, usimtafute makaburini kisiwani. Huenda alikwenda kuchimba mfereji wa Panama.

Lini, na kwa njia ipi

Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, ukali wake ukiwa Agosti hadi Oktoba. Januari hadi Aprili ni kukavu, njia za mashambani zinapitika na majani ni mafupi kwenye magofu, ila vyumba ni ghali. Kwa kazi ya makaburi, Februari na Machi zinalipa gharama hiyo. Epuka Jumatano ya Majivu, ambayo ni sikukuu Jamaika. Wiki ya 1 hadi 6 Agosti, ya Ukombozi na Uhuru, ni nzuri kwa sherehe na mbaya kwa ofisi. Jumatatu ya tatu ya Oktoba, Siku ya Mashujaa, pia milango imefungwa.

Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kilipiga magharibi mwa Jamaika kikiwa katika daraja la tano, na mji wa kihistoria wa Black River, St Elizabeth, ukaumizwa vibaya. Ukienda St Elizabeth, Westmoreland, Hanover, St James au Trelawny, piga simu kwa kila kanisa na kila makumbusho kabla ya kuyaweka kwenye ratiba. Picha ya mtandaoni ya jengo haimaanishi jengo lina paa.

Siku tisa au kumi zinatosha kwa parokia moja, na parokia mbili ni kikomo. Shukia Kingston. Siku tatu za kazi ziwe za Spanish Town, kilomita kama 20 magharibi, ambako kuna Jamaica Archives and Records Department pamoja na ofisi ya usajili. Wengi hulala Kingston na kwenda kila asubuhi. Siku ya nne ni ya Maktaba ya Taifa, mtaa wa East Street, Kingston, kwa ajili ya ramani. Omba michoro ya shamba lako, na ramani ya James Robertson ya 1804 inayoonyesha mashamba. Mchoro wa shamba huonyesha kinu, nyumba ya bwana na, kilicho muhimu kwako, eneo la nyumba za watumwa. Mchana wa siku hiyo hiyo unaweza kupita chuo kikuu cha West Indies, Mona, kilichojengwa juu ya mashamba ya Mona na Papine. Mfereji wa mawe uliopeleka maji kwenye vinu bado umesimama, na baada ya kuuona utaelewa kila mchoro utakaousoma.

Siku nne zinazofuata ni za parokia yenyewe. Kisha rudi Kingston uwe na siku moja ya nyaraka mwishoni. Mawakala hupenda kukuuzia tiketi ya kuingilia Kingston na kutokea Montego Bay, na inaokoa mwendo kweli. Lakini kijijini utapata majina mapya, na utayapata ukiwa umeshaondoka penye madaftari. Siku moja ya kurudi mara nyingi huzaa kuliko zile tatu za kwanza.

Magari huenda kushoto. Barabara za milimani ni nyembamba, na kilomita 60 huweza kula saa mbili. Kukodi dereva mwenyeji wa parokia hiyo ni bora kuliko gari la kujiendesha: anajua njia isiyo na kibao, na anajua nani aulizwe.

Ndani ya chumba cha kusomea

Andika barua pepe wiki nne kabla. Uliza saa za kufungua, kitambulisho kinachotakiwa, kama picha zinaruhusiwa na kwa ada gani, na kama juzuu unazozitaka zinatolewa kwa msomaji au ziko kwa fundi wa ukarabati. Taja juzuu kwa parokia, aina na miaka. "Nataka ukoo wangu" haiwezi kujibiwa. "Ubatizo wa Hanover, 1825 hadi 1840" inajibika.

Barbados swali hilo la juzuu ni la lazima zaidi, kwa sababu Juni 2024 moto uliunguza sehemu ya majengo ya nyaraka zake huko Black Rock.

Beba penseli kadhaa, sweta, na betri ya akiba ya simu. Piga picha jalada la juzuu kwanza, kisha ukurasa mzima wenye namba, kisha mstari wako. Picha ya mstari peke yake ni upotevu: baada ya wiki mbili hutajua ilitoka wapi.

Makaburi, wazee na ardhi ya ukoo

Jumapili ya kwanza ukiwa parokiani nenda ibadani, katika kanisa lilelile la daftari. Zungumza na mchungaji mapema akutambulishe wakati wa matangazo. Wazee watakufuata wenyewe nje, na dakika ishirini nao chini ya mti huzidi siku mbili za kuzunguka ukiuliza. Wahutubie kwa heshima ya huko, "Miss" au "Mass" na jina la kwanza, mpaka wakuruhusu vingine. Peleka picha za zamani zilizochapishwa kwa ukubwa unaoonekana. Picha iliyomo kwenye simu hukataa kupita mikononi.

Usitarajie kaburi la kila mtu kanisani. Vijijini Jamaika watu wengi huzikwa kwenye ardhi ya ukoo, nyuma ya nyumba. Na hapo ndipo penye jambo nyeti kuliko yote: ardhi ya ukoo ni ya wazao wote, haigawanywi wala kuuzwa kirahisi, na mgeni kutoka ng'ambo anayeuliza habari za mipaka, hati na nani aliyezikwa wapi husikika kama mdai aliyekuja kuchukua fungu lake. Nyuso hufunga ghafla bila maelezo. Sema mwanzoni kabisa kwamba hutafuti ardhi, usitaje neno hati, wala usipige picha nyumba kabla ya watu. Uliza kaburi baada ya kuuliza habari za aliyezikwa.

Kwenye jiwe la zamani tumia maji na brashi laini tu. Chaki, brashi ya waya na sabuni za povu hula maandishi. Maandishi yaliyofutika husomeka saa moja baada ya jua kuchomoza, mwanga ukipita kwa ubavu. Ukichelewa, tumia kioo au tochi uielekeze pembeni. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika, kwa sababu kupe na nyigu hawachagui wageni. Na suruali hiyo isiwe ya madoadoa ya kijeshi: Jamaika, Barbados na visiwa kadhaa jirani sheria inawakataza raia kuvaa nguo hizo, na huweza kunyang'anywa hata uwanja wa ndege.

Maeneo ya urithi: chagua yanayojibu swali lako

Orodha za watalii huanza na nyumba za mabwana. Rose Hall, karibu na Montego Bay, itakuuzia kisa cha Annie Palmer mchawi, ambacho watafiti wameshaonyesha kuwa ni cha kutungwa. Ukiwa na saa chache, Seville katika St Ann itakufaa zaidi, kwa kuwa ndani ya eneo moja kuna shamba, makazi ya watumwa na kaburi la watu wanne waliozikwa upya 1997. Falmouth, Trelawny, ndio mji wa bandari ya sukari. Ukoo wa St James, Hanover au Trelawny upite uwanja wa Sam Sharpe, Montego Bay. Uasi aliouongoza, ulioanza Krismasi ya 1831, uliteketeza mashamba mengi ya huko, na huenda ndio sababu nyumba kubwa ya shamba lako haipo.

Usisahau vijiji huru. Baada ya 1838 watu wengi waliyahama mashamba wakajenga vijiji kwa msaada wa makanisa, cha kwanza kikiwa Sligoville, St Catherine, ambacho ardhi yake ilinunuliwa mapema, 1835. Kama ukoo unatoweka shambani miaka ya 1840, fungua ramani uone kijiji huru cha karibu, halafu madaftari ya kanisa lake la Baptisti.

Kwa Accompong, mji wa Wamaruni (wazao wa watumwa waliotoroka) ndani ya St Elizabeth, wasiliana na uongozi wao kabla ya kupanda mlima. Sherehe yao kuu ni tarehe 6 Januari na njia hujaa. Magofu mengi ya mashamba mengine yamo kwenye ardhi ya watu binafsi. Mwombe mwenyewe kwa simu siku moja kabla, fika na mwenyeji, na mwachie yeye panga, usikate wewe.

Kila jioni hamisha picha zote kwenye diski ya pili na uzipe majina palepale: parokia, mahali, tarehe, aliyesimulia. Kabla ya kuondoka parokiani chapisha nakala mbili za mti wa ukoo ulivyo hadi siku hiyo, moja ya kanisa na moja ya mzee aliyekupokea. Acha nafasi pembeni ya kila jina, wapate pa kusahihisha.